Bafurere Bane, Bezi ya Treni

Siku ya kwanza, tarehe 3 mwezi wa munane

Niliosha ubao ya sale ya sinema, nilichanganya chokaa, niliandika tangazo. Kama kila siku ya kwanza. Filme ya juma hii ni ya bakoboyi, bale bantu ya farasi na bastola. Karatasi ya Kifaransa yenye ilikuja nayo inasema ni habari ya kweli: ndugu bane, bezi ya treni, balikuwa banaiba feza mu treni kule Amerika. Niliandika kwa herufi kubwa: BAFURERE BANE, BEZI YA TRENI. Nilirudi nyuma kuangalia. Muzuri sana. Niko na mukono ya kuandika.

Siku ya pili, tarehe 4

Mbele ya ubao kuko bantu mingi. Banacheka. Nilizani banafurahia maandishi yangu.

Mujinga mi. Hapa Katuba furere ni muntu ya kanzu nyeupe tu, ule anafundisha ku misioni. Ndugu ya tumbo moja tunamuita ndugu. Neno iko mu kinywa yangu tangu utoto, na mi nilikamata furere, ndugu ya Kifaransa, juu ya kujionyesha. Na mbaya zaidi: ku misioni bafurere beko bane. Bane kabisa. Fundi ya viatu aliniuliza nani njo chef ya bezi, ule furere wa ndevu?

Nilikimbia kutafuta maji ya kufuta. Nilichelewa. Furere Mukubwa alisimama pale na baiskeli yake, anasoma. Sale ni yake, mashini ni yake, na mi niko muntu yake: njo mi nasema filme mu Swahili ku mikro. Alisema tu: acha, usifute. Akaenda.

Siku ya ine, tarehe 6

Hakuna habari. Kama Furere Mukubwa ananifukuza, buku yangu ya kazi inapigwa muhuri, na muntu bila kazi serikali haimuachi mu Katuba. Nyumba inakwenda. Tunapanda treni kurudi Kongolo na valizi moja ya nguo.

Hortense, muke yangu, hakugombana. Hiyo njo iliniogopesha. Alianza kufunga sufuria ndani ya kitambaa.

Mangaribi barua ilitoka ku misioni, mistari miwili. Bafurere bote bane batakuja ku filme. Mi nitasema kama kawaida.

Nakasirikia kila muntu. Zaidi mi mwenyewe.

Siku ya sita, siku ya posho, tarehe 8

Niko nyumbani, naandika.

Saa tisa ya muchana, blanketi ku madirisha. Sale ilijaa mpaka bantu balikaa mu mulango. Bafurere bane mustari ya mbele. Mashini ikaanza. Na nini ilitokea? Bantu bane juu ya farasi, ndevu, na makoti marefu mpaka ku viatu. Kanzu kabisa. Sale nzima ilivunjika na kicheko. Mi na mikro, jasho tu.

Njo nilisema kweli. Nilisema: bandugu, nilikosa. Habako bafurere ya misioni. Beko ndugu ya tumbo moja, mama yabo ni mumoja, na kosa ya ubao ni yangu. Mama mumoja aliita kutoka nyuma: "Kumbe bafurere bo habana mama?" Niliona mabega ya Furere Mukubwa inatikisika. Alikuwa anacheka.

Kisha hakuna muntu alicheka tena. Mu filme ndugu ya mwisho alipigwa risasi ku mto, na ndugu ule mukubwa alirudi kumubeba, bapolisi nyuma yake. Bamama balilia. Mi nilisema maneno yote mpaka mwisho, sijui sauti ilitoka wapi.

Inje Furere Mukubwa alinipa mukono. Kwabo balizaliwa bane, alisema, ye ni wa mwisho. Tena alisema alikataza kufuta ubao juu alitaka sale ijae. Haikujaaka hata siku moja. Ni hiyo tu. Na mi siku ine sikulala! Nilitaka kumukasirikia, nilishindwa. Nilirudi nyumbani miguu myepesi.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Ku misa bafurere baliingia kwa mustari, bane. Kanisa yote ilikohoa juu ya kuficha kicheko. Ule wa ndevu, kupita karibu na benchi yangu, alitoa vidole mbili mu mukono ya kanzu, kama bastola. Hakuniangalia.

Hortense alifungua sufuria. Valizi ilirudi chini ya kitanda. Tulikula bukari ya unga ya mahindi na ndakala, samaki ndogo ya kukauka. Kesho nitafuta ubao.