Kikao Kilicholiondoa Neno "Presha" Bangoni

KAMATI YA UHAMASISHAJI WA AFYA, ZAHANATI YA MTAA

Tarehe: Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi
Mahali: Chumba cha chanjo

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mkuu mstaafu), Muuguzi wa meza ya kupima presha, Mtafiti (mpwa wa Mwenyekiti, aliyetumwa na kamati kusikiliza watu), Kinyozi (mwakilishi wa wafanyabiashara), Katibu.

Asiyehudhuria kwa udhuru: Mweka Hazina, aliyekuwa na harusi ya shemeji yake.

Asiyehudhuria bila udhuru: Fundi Bomba. Alionekana dirishani akipita, akapungiwa mkono, naye akapunga, akaenda zake.

KUMB. NA. 1/UHM: KUFUNGUA KIKAO

Kwa heshima na taadhima, kikao kilitangaziwa kwamba feni ya chumba cha chanjo imepona. Inazunguka. Wajumbe waliinua vichwa kuitazama, na Kinyozi akapiga makofi. Mwenyekiti aliitaja feni kuwa mfano wa kuigwa na wajumbe ambao wamekuwa kwenye kamati muda mrefu bila kuzunguka. Katibu hakuona haja ya kuuliza ni nani.

Mwenyekiti alimkumbusha Mtafiti kwamba ndani ya kikao hakuna mjomba.

KUMB. NA. 2/UHM: HALI YA MEZA

Muuguzi alieleza kwamba Daktari Mfawidhi ametoa kauli ya mwisho: benchi la kupima presha likiendelea kuwa tupu hadi mwisho wa kampeni ijayo, meza, mashine na Muuguzi mwenyewe vitahamishiwa mtaa mwingine. Aliongeza kwamba watu wa mtaa huu hufika kwake wakiwa wamebebwa, mdomo umepinda upande, na wakati huo yeye hana la kufanya ila kuita gari. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Hakuna aliyetania.

Mwenyekiti alieleza kwamba dawa ni bango kubwa zaidi. Bango la sasa, lenye picha ya mama aliyeshika kichwa na maneno USIISHI NA PRESHA!, ni zuri, ila wananchi hawaelimiki. Alipendekeza herufi nyekundu. Kikao kinakumbushwa kwamba maneno ya bango hilo aliyatunga Mwenyekiti.

KUMB. NA. 3/UHM: TAARIFA YA MTAFITI

Mtafiti alieleza kwamba alikaa na watu saluni, kinyozini, sokoni na kwenye benchi la wagonjwa, kwa ridhaa yao. Hakuwauliza kama wanajua presha ni nini, kwa kuwa swali hilo humfanya mtu mzima ajione yuko darasani. Aliwauliza mara ya mwisho wamelisikia wapi neno hilo. Wakafunguka.

Ikaonekana kwamba ugonjwa wanaujua vizuri. Kinachowakimbiza ni neno. Mtaani, mwenye presha ni mwenye matatizo nyumbani. Mwanamke mmoja alisema, "Nikionekana kwenye lile benchi, jioni mtaa mzima unajua mume wangu ananitesa." Mwanamume mmoja alisema akikaa pale wataanza kumtafuta anayemdai. Kuhusu mama wa bangoni, saluni nzima ilikubaliana kwamba ameachwa. Na mzee mmoja alikiri kwamba alimwonyesha mkewe bango lile akamwambia, "Umeona? Hata zahanati imekusema."

Kinyozi alicheka hadi akaombwa atoke nje anywe maji.

Mwenyekiti aliuliza tangu lini umbea ukaitwa utafiti. Mtafiti alijibu kwamba umbea hubeba majina, na yeye majina yote ameyaacha kule kule. Mwenyekiti aliuliza watu wachache wa saluni wanauwakilishaje mtaa. Mtafiti alijibu kwamba hakutumwa kuhesabu. Idadi Muuguzi anayo, benchi ni tupu. Yeye alitafuta sababu, na aliendelea kusikiliza mpaka watu wapya wakawa wanasema maneno ya watu wa jana.

Mwenyekiti alisema ameelewa, kwa namna ambayo Katibu hawezi kuiandika.

KUMB. NA. 4/UHM: NENO JIPYA

Kinyozi alipendekeza "Ijue namba yako", yaani ile inayosomwa kwenye mashine. Katibu aliunga mkono kwa moyo wote. Muuguzi aliuliza kama kamati imejiandaa kupokea namba za simu. Kinyozi alikiri kwamba ikibandikwa dukani kwake, wateja watadhani anawatafutia wachumba. Pendekezo lilizikwa, na Katibu akiwa miongoni mwa wafiwa.

Ndipo Mtafiti alipotaja maneno ya bibi mmoja wa sokoni: "Mimi sina presha, nina amani zangu. Ila kama mnataka kunipima mkono, haya, nipimeni." Baada ya hapo aliwasikia na wengine wakisema hivyo hivyo, kwa kuwa mashine hubana mkono. Na mkono hauna aibu. Mkono haujaachwa na mtu.

Likapendekezwa: NJOO UPIMWE MKONO.

Mwenyekiti alipinga, akisema kwamba huo ni ushonaji. Watu watadhani wanashonewa mashati, watakuja na vitambaa.

Muuguzi alijibu, "Waje na vitambaa, Mwalimu, mradi waje na mikono."

Iliazimiwa kwamba kabla ya kuchapa chochote, Mtafiti arudi kwa watu na neno hilo. Asiwaulize kama wanalipenda, maana watu wana adabu zao, watasema wanalipenda. Awaulize linawaambia wafanye nini. Kinyozi alijitolea kiti chake kitumike kupimia siku za Jumamosi, kwa hoja kwamba mwanamume akikaa pale hakuna anayemshangaa. Mtafiti alikumbusha kwamba wanawake hawanyolewi kwake, kwa hiyo saluni nayo iombwe.

KUMB. NA. 5/UHM: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti, kwa busara zake, aliridhia. Hoja ilipita kwa kauli moja na kikao kilifungwa kwa amani, saa sita mchana.

Hivyo ndivyo Katibu alivyoagizwa kuandika, na si uongo. Ila kilichotokea hasa ni hiki.

Muuguzi alitoa mashine akasema neno jipya lianze kujaribiwa hapo hapo. Kinyozi alipimwa. Katibu alipimwa, ikabidi utafutwe ukanda wa mikono minene, jambo lililochekwa kupita kiasi. Ilipofika zamu ya Mwenyekiti, alifunga kifungo cha mkono wa shati akasema, "Mimi sina presha. Nyumbani kwangu kuna amani."

Kila mtu alimsikia, na yeye mwenyewe akajisikia. Feni ilikuwa inazunguka, lakini jasho lilimtoka.

Mtafiti alivuta kiti chake karibu, akasahau agizo la kumbukumbu namba moja. "Mjomba, nani kakuuliza habari za nyumbani? Lete mkono."

Akaleta.

Muuguzi alisoma namba. Alimwacha apumzike, akapima tena. Kisha alimwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, Jumatatu uje asubuhi tuurudie. Usikose." Mwenyekiti aliomba namba isiandikwe, na haijaandikwa. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, "Andika kwamba imepita. Na lile bango langu literemsheni."

Kumbukumbu hizi zimepelekwa kusainiwa Jumatatu. Mwenyekiti alipatikana benchini. Jirani yake alikuwa amesimama mlangoni, anamuuliza kwa mshangao, "Mwalimu, na wewe? Kuna nini huko nyumbani?"

"Nyumbani salama," Mwenyekiti alimjibu. "Napimwa mkono. Kaa hapo, unafuata wewe."

Jirani ameketi.

Mwenyekiti amesomewa yote haya na hakufuta neno. Saini yake imechelewa kidogo, kwa sababu Muuguzi amemkataza kutikisika mpaka mashine imalize.

Mwenyekiti: ........................

Katibu: ........................