Zawadi Uliyotoa kwa Jasho la Kwamboka

Moraa, mtoto wa mama yangu, wewe ni mwongo. Nimeanza hapo kwa sababu nikianza na salamu utadhani nimesahau. Na uache kuzima simu ukiona ni mimi. Nimekupigia siku nne. Sasa chukua barua, hiyo haina mahali pa kuzimia.

Salamu nakupa, maana tulilelewa na adabu. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule ng'ombe aliyekataa kula, alipona? Mimi niko hai. Mapacha wa binti yangu wananenepa, mama yao amerudi kazini, na mimi nashinda nao hapa Mombasa katika joto la kumchosha hata mtu aliyekaa. Maji ya bomba yana chumvi, chai inatoka kama dawa ya kuosha kidonda. Chinsaga nimeiona sokoni mara moja, imenyauka, na mwenye kuuza akaitisha pesa ya nyama. Nikamwambia hiyo mboga kwetu inajiotea nyuma ya jikoni. Akaniambia basi nirudi kwetu nikachume. Nilicheka mbele yake, lakini njiani nilikuwa karibu kulia.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Najua macho yako hayasomi tena, na hapo nyumbani wa kukusomea ni Nekesa, mke wa mtoto wako Onchari. Yeye ni msichana wa Kitale, Kigusii hajui. Ningeandika Kigusii ungempelekea jirani, akufichie aibu. Nekesa mama, soma pole pole na usiruke mahali. Hata wewe inakuhusu, maana ugomvi huu ni wa picha za harusi yako.

Moraa, unajua nilivyomlea mjukuu wangu Kwamboka. Mama yake, binti yangu huyu huyu, alikuja huku kutafuta kazi, akaniachia mtoto akiwa bado anakojoa kitandani. Leo ana miaka kumi na minane, amemaliza shule, na ile kamera nilimnunulia na bonasi yangu ya majani chai. Watu wa Nyacheki walinicheka, mzee anauza majani anunue kitu cha kupiga picha. Wewe pia ulicheka. Lakini uliposikia harusi ya Onchari imefika, ulimkumbuka upesi.

Siku ile ulipomwambia alete bei yake, alinipigia simu. Akauliza, "Magokoro, niitishe pesa ngapi?" Nekesa, kwetu magokoro ni nyanya. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kuiba. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Alikuwa amefikiria elfu tatu. Nikamuuliza kwa nini tatu, akasema ndio pesa ambayo watu hawawezi kukasirika.

Nikamwambia, mimi nimeuza ndizi soko la Daraja Mbili miaka ishirini na sijawahi kuanza kuhesabu na mfuko wa mnunuzi. Unaanza na mkungu wako. Ulitoka shamba gani, nani aliubeba, na ukikosa kuuzwa leo utaoza lini. Akacheka akasema picha haziozi. Nikamwambia, siku yako inaoza. Basi tukahesabu. Boda ya kwenda na kurudi, ile taa ya kamera ya kukodi Kisii mjini, kuosha picha na albamu yake. Alinicheka tena, eti siku hizi picha haioshwi, inachapwa. Sawa, tukahesabu kuchapa. Ikafika elfu tano na mia tano kabla hajaonja hata shilingi ya jasho lake, na kuna siku tatu za kukaa kwa kompyuta akisafisha picha moja moja. Mgeni tungemwitisha elfu kumi na tatu. Wewe ni dada yangu, tukasema tisa.

Alifurahi, Moraa. Aliandika hiyo tisa kwa karatasi safi, akaweka jina lake chini kama mtu wa ofisi, akakuletea mpaka kwako kwa mguu.

Wewe ulifanya nini? Ulikaa na karatasi siku mbili, ukamwita. Ukamwambia umeongea na mimi. Ukamwambia nimesema afanye kwa upendo, asiitishe kitu, eti hii ni damu moja. Uliongea na mimi lini? Simu yangu iko hapa, binti yangu ameiangalia yote. Hukunipigia hata kuuliza kama nimefika salama.

Na mtoto aliamini. Hapo ndipo uliponiuma, kwa sababu ulijua pa kushika. Mwaka jana mimi mwenyewe nilimtuma awapige picha akina mama wa kanisa letu bure, na nilimtuma mbele yako. Sikumuuliza. Hilo kosa ni langu na nimeliona. Lakini mimi nilimkosea kwa mdomo wangu, sio kwa mdomo wa kukopa.

Basi akakodi ile taa kwa akiba yake mwenyewe. Akafanya kazi Jumapili ile kutoka bibi arusi anavalishwa mpaka hema zinafunguliwa. Na mimi huku ningejua wapi? Niliona wiki iliyopita, binti yangu aliponiwekea video ya harusi kwa simu. Nikakuona umesimama na kitambaa changu kichwani, kile nilichokuazima. Umeshika maiki. Ukasema, "Picha zote za leo ni zawadi yangu kwa watoto wangu." Watu wakapiga makofi. Nekesa, wewe ulipiga magoti ukamshukuru mama mkwe. Sikulaumu, hukujua. Na pembeni kabisa nikamwona Kwamboka, kamera iko kwa jicho, anakupiga picha ukipigiwa makofi.

Nilirudisha hiyo video mara tatu. Nilifikiri pengine masikio yangu yamezeeka.

Kwa mtoto ulitumia jina langu, kwa watu ukatumia jina lako. Moraa, hata mwizi wa sokoni huiba kwa mkono mmoja. Tumelala kitanda kimoja mimi na wewe. Niliacha shule darasa la tatu ili wewe uvae sare, na huo ndio mwandiko ninaokuandikia nao leo. Sijawahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha.

Nilimpigia Kwamboka kumuuliza pesa yake, ndipo akanieleza ulivyomwambia, nikamwambia sikusema hayo maneno. Akasema, "Sawa, magokoro." Hiyo sawa naijua, ni ya kufunga mlango. Kwake yeye ni wazee wawili wanasukumiana mzigo. Nikaendelea kumwambia, ndipo akaniambia kitu ambacho kimekaa kwa kifua changu mpaka leo.

"Kuna haja gani niitishe bei, na wewe utaipunguza nyuma yangu?"

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeiweza.

Na sasa sikia lililobaki, maana hasara hii bado inatembea. Kuna mwalimu wa Ogembo, mwenye shule ya chekechea, anataka picha za watoto wake wakivaa zile kofia za kuhitimu. Watoto arobaini. Amemuuliza Kwamboka bei, na mtoto akajibu, "Yoyote tu, mtaangalia." Mwalimu ni mtu mzuri, amempa mpaka Ijumaa afikirie vizuri aseme. Asiposema, mwalimu atampa kile anachoona, na kila mtu wa Ogembo atajua huyu msichana huwa anapewa kile watu wanachoona. Ataweka kamera chini. Ameshaanza kuuliza watu kama kuna anayeinunua.

Mimi nimesema mpaka nimechoka, mdomo wangu haufai tena kwake. Wako ndio ulivunja, wako ndio utatengeneza.

Nisalimie shemeji yangu, mzee wa hapo, umwambie sina neno naye. Nisalimie Onchari. Msalimie mama anayechuma majani yangu, umwambie asiruke ile mistari ya chini karibu na mto, namjua. Nekesa, wewe nakusalimu peke yako. Picha zako ni nzuri sana, nimeziona, na anayestahili magoti yako ni msichana aliyezipiga.

Ni mimi dada yako mkubwa, Nyaboke, na bado ni mkubwa. Moraa, barua hii utaipata Jumatano. Alhamisi asubuhi uvae viatu uende kwangu, alikobaki Kwamboka, na Nekesa afuatane nawe asikie. Beba elfu tisa, sio elfu nane na mkungu wa ndizi. Lakini pesa ikae kwanza. Simama mbele ya Kwamboka umwambie hukuongea na mimi, ulidanganya, na zawadi haikuwa yako. Akinyamaza, ngoja. Akikupa chai, kunywa. Usitoke hapo mpaka ampigie yule mwalimu, ataje bei yake kwa sauti, na wewe unasikia.