Tope la Kina Leung

Jumanne, 3 Mei 2005
Kijito cha kijiji kitafukiwa kuanzia Jumatano ijayo, barabara ipite. Kasema mwenyekiti, Bw. Leung, mlangoni pa jumba la mababu. Hapa karibu kila mwenyeji ni Leung. Makala yangu kuhusu kijiji ilibaki aya mbili iishe. Naianza upya.

Alhamisi, 5 Mei
Kijiji kilikuwepo kabla jiji la Guangzhou, kusini mwa China, halijakifikia. Walilima yungiyungi, wakauza kwa njia ya maji. Jiji likachukua mashamba. Wakajenga ghorofa za kupangisha, zimebanana hadi jirani hunipa chumvi dirishani.

Cha zamani kilichobaki ni mashua moja, ndefu, ya mashindano ya makasia. Kila mwaka wakimaliza, wanaume huizika kwenye tope la kijito ili mbao zisipasuke. Huifukua siku ya nane ya mwezi wa nne kwa kalenda yao. Mwaka huu ni tarehe 15. Malori yanaanza tarehe 11.

Jumamosi, 7 Mei
Mwenyekiti hafukui kabla ya siku yake. Mkandarasi hangoji. Nimewaona wote wawili. Wana adabu, hakuna anayesogea. Upuuzi.

Aliyekasirika zaidi ni Bi. Leung, mwenye nyumba wetu. Kwa desturi mwanamke haigusi mashua hiyo. Halima wa Mombasa, mnunuzi wa jinzi za viwanda vya Xintang ninayeishi naye chumba kimoja, akamwuliza kwa Kichina chake cha sokoni: "Mama, kugusa hawataki. Na kukaa jirani yake?"

Bi. Leung alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 11 Mei
Wanawake wanne wameweka meza ya mahjong, mchezo wao wa vigae, ukingoni, pale pale malori yanapotakiwa kumwaga udongo. Dereva akapiga honi. Bi. Leung hakugeuka. "Tulia, kijana, leo nimeshika vigae vizuri!"

Mkandarasi akaja kuuliza watacheza hadi lini.

"Hadi nishinde."

Hakuna udongo uliomwagwa.

Ijumaa, 13 Mei
Mvua. Mwavuli wa soko juu ya meza. Mmoja kaugua, na mchezo unataka wanne. Katika kazi yangu sijawahi kuketi ndani ya habari ninayoiandika. Nimeketi. Nitaandika kwamba niliketi.

Nimefungwa kila mchezo. Halima: "Mwandishi gani wewe, hata vigae vinakushinda kusoma!"

Jumapili, 15 Mei
Mashua imetoka. Wanaume walizama kwenye tope hadi kiunoni, wakachota maji kwa ndoo, ikainuka nyeusi, inanuka. Fataki. Mwenyekiti hakutazama upande wetu. Baadaye akatuma sahani ya nguruwe wa kuchoma mezani, na machungwa kwa Halima. Nilifurahi. Sana.

Jumatatu, 16 Mei
Malori tangu asubuhi. Nusu ya kijito ni udongo mwekundu. Meza imerudishwa ndani.

Mashua iko jumba la mababu, chini ya magunia yaliyoloweshwa. Mashindano ni Jumamosi, 11 Juni. Yakiisha itahitaji tope, na hapa halitakuwepo. Bi. Leung aliolewa kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Huko kijito bado kipo. Keshokutwa anakwenda kuwaomba kaka zake nafasi ya kuizika.

Feri ni saa mbili asubuhi. Nitakwenda naye.