Mbwa wa Shemeji kwenye Viti Vyangu

Sabasaba, 1998

Eti mbwa nao wanahitaji sikukuu! Mtu mzima na akili zake, shemeji yangu, ananipeleka Magomeni kuchukua viti vya nje vya mgahawa wangu, na nyuma ya pikapu kapakia mbwa wawili.

Fundi Salumu alikuwa amevipanga uani, viti sita vya mninga. Mbwa wakaruka, wakalamba vinne. Wapagazi wa bandarini waliokuwa wakicheza bao pale ndio wateja wangu, Waislamu wote. Wakaacha kete, wakayatazama mate kwenye viti.

"Mbwa wangu wasafi kuliko watu," shemeji akacheka.

Mjinga. Miaka tisa nakaanga samaki, aje aniharibie kwa neno moja.

"Mama, hivyo vioshwe mara saba, ya kwanza kwa udongo," fundi akasema taratibu.

Mimi wa kanisani nikakaza kitenge, nikaosha mbele yao, nikihesabu kwa sauti. Viti vinne mara saba, ishirini na nane. Kwenye kumi shemeji akaita kutoka garini, "Inatosha, unajidhalilisha!" Nikataja kumi na moja.

Nilipotaja ishirini na nane, mpagazi mmoja akakalia kiti kikiwa bado kimelowa.

"Kesho hiki changu, Mama. Na samaki awe wa moto."