Mkono Anaoutazama Tofali

Kwako mdogo wangu wa tumbo moja, fundi mwenzangu,

Pokea salamu zangu popote zitakapokukuta, ukiwa kazini au umejinyoosha ukidanganya kwamba unapumzisha mgongo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mnaamka salama, na kile kifua chako kimeacha kukoroma. Huku tupo. Sisemi wazima, sisemi wagonjwa, tupo. Nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu haina hata ufa wa kupitisha sisimizi, na wale majirani walionicheka kwamba naweka msingi kama wa ngome, kila mvua ikipita wanapiga plasta upya. Unanijua sipendi kujisifu. Lakini ukiona ukuta wangu umeinama, basi ujue dunia ndiyo imeinama.

Mimi si mtu wa barua. Shuleni nilikaa mpaka nikajua kuunganisha herufi, nikaona wananichelewesha. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie, ila haya sitaki yapitie mdomo wa mtu. Nakuandikia kwa ajili ya mwanangu, mwanao pia, Tofali. Wamemtoa kazini, na asiporudi, naogopa nitampoteza huku yu hai, ndani ya nyumba hii hii.

Ngoja nianzie kwenye msingi.

Mtaa wetu ulianzisha kazi ya kujitolea. Kila mwisho wa wiki watu wanakusanyika zahanati kujenga ukumbi wa wagonjwa kusubiria, maana walikuwa wanapikwa na jua kabla hata ya kumwona daktari. Anayeongoza ni binti mmoja msomi, mpole, tunamwita Mratibu. Alipita nyumba kwa nyumba akisema safari hii watu wenye ulemavu hawatakuja kupewa tu, watafanya kazi kama wenzao. Alipofika kwangu nikamwambia asijichoshe kunihubiria, kijana wangu hasikii tangu kuzaliwa na amejenga kuta nyingi kuliko mahubiri aliyowahi kutoa yeye. Akacheka, akasema basi tuje wote wawili.

Mdogo wangu, ungemwona Tofali siku zile. Tangu mama yake atutoke hana wa kuongea naye ila mimi, na mimi, kwa kusema kweli, saa nyingine namchosha. Sasa alikuwa anaamka kabla yangu, amekwisha kusugua mwiko wake unang'aa kama kijiko cha mgeni. Kule wanawake waliokuwa wakichanganya mota wakaanza kumwiga mikono. Walijua maji, wakajua mchanga, halafu akawafundisha mvivu, lile neno ulilobuni wewe, la kuvuta kope ya chini. Haikuchukua muda, kila mtu pale anavuta kope akimwonyesha mwenzake, hadi daktari alipochungulia dirishani wakamvutia. Tofali akacheka kwa ile sauti yake ya mlango uliokosa mafuta. Nilikuwa sijaisikia siku nyingi.

Mratibu naye, katika kutaka kufanya vizuri, akaleta mkalimani wa lugha ya alama, kijana nadhifu, vidole vinaruka kama vya mpiga gitaa. Akasimama mbele ya Tofali akaongea, akaongea. Tofali akamtazama kwa heshima zote, kisha akanigeukia akaniuliza kwa mikono yetu kama huyu bwana amevamiwa na nyuki. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkalimani hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia, mzee wangu, huyu hajui lugha ya alama ya wenzake, na hiyo yenu hakuna anayeijua ila nyinyi wawili. Nikamjibu wawili wanatosha, mbona mume na mke nao ni wawili na hawaelewani. Akaniuliza, na mmoja akiondoka je. Nikamwambia mimi siondoki. Na wewe hapo usinianzie yale yale ya kumpeleka shule ya viziwi. Najua umeshafungua mdomo. Ufunge, nimalize.

Kazi ya Tofali ilikuwa juu ya jukwaa la mbao, kwenye kamba ya roda, anavuta ndoo za mota. Mimi nasimama chini namwongoza. Mkono wangu ukining'inia, anavuta. Ukipanda juu, anasimama. Na tangu akiwa mdogo nimempa sheria moja tu ya kazi: ukiwa juu usitazame watu, utazame mkono wa baba. Watu wana mikono mingi, watakuchanganya.

Sasa siku moja ndoo ikapanda, ikapita pale pa kusimama, ikagonga ubao wa jukwaa, ikapinduka. Chini yake alikuwepo mama muuza mboga, akipokezana makarai na wenzake. Ilimwangukia begani, mfupa ukavunjika. Watu wote walikuwa wanapiga kelele, simamisha, simamisha. Tofali akaendelea kuvuta huku ananitazama mimi.

Kikao kikaitishwa palepale, watu wakiwa na mota mikononi. Fundi mkuu, yule ninayemwita Mdomo Saruji kwa sababu ukishaanza kukauka haurudi nyuma, akasema huruma ni huruma na usalama ni usalama, asiyesikia asipande juu, na huku chini pia ni mashine na matoroli, kwa hiyo akae pembeni. Nilisubiri mtu abishe. Wale wale waliokuwa wanavutiana kope waliangalia viatu vyao. Mratibu alikuwa na machozi, lakini machozi hayapandishi mtu jukwaani. Wiki iliyofuata wakamwekea Tofali kiti chini ya turubai, wakampa soda na fulana yenye maandishi kwamba hakuna anayeachwa nyuma, wakampigia makofi. Akakaa. Kila nilipoinua macho alikuwa ananiuliza kwa mikono amekosa nini. Nami nikawa nayashusha. Mwisho akaiweka soda chini, akavua fulana, akaikunja vizuri kitini, akaenda nyumbani.

Tangu hapo hatoki. Ana matofali yangu ya akiba uani. Anayapanga makavu, bila mota, ukuta unafika kifuani, umenyooka hata timazi haina la kusema. Halafu anayashusha moja moja, anaanza upya. Nikimwita kula, anakula akiwa amegeukia ukuta. Wale wanawake walikuja kumwangalia, wakasimama mlangoni, mmoja akavuta kope. Yeye akaendelea kupanga.

Sasa nafika penye ufa, na ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia.

Mkono ulikuwa wangu. Niliiona ndoo inafika, nikauambia mkono upande, haukupanda. Ulining'inia pale kama wa mtu mwingine aliyeuegesha kwangu. Mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi, nami nilipiga kelele pamoja na wale wajinga wengine, mimi, baba yake, nampigia kelele mtoto asiyesikia. Tofali hakukosea kitu. Aliutazama mkono wa baba, na mkono wa baba ulikuwa unamwambia vuta.

Na kikaoni nilikaa kimya. Mimi niliyeinua nusu ya nyumba za mtaa huu nisimame mbele ya Mdomo Saruji niseme mkono wangu umekufa? Ulikuwa umeanza kulegea kitambo, nikawa nauficha, nashika kikombe kwa kushoto nikisema ule wa kulia umeungua. Daktari anasema ni mshipa wa kichwani, kiharusi kidogo, na kwamba kinaweza kurudi kikiwa kikubwa. Barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto. Nimeianza mara nyingi nikaichana.

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa yule mama muuza mboga, mkono wake umefungwa kifuani, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema yeye bega lake litaunga, mimi niende nikamwambie mwenye kuambiwa. Nikaenda. Nikamwita Tofali uani nikamwambia kosa ni langu. Unalikumbuka neno hilo, linataka mikono miwili na vidole vifunguke. Vyangu havikufunguka. Alinitazama mkono, akanitazama usoni, akafikiri sana. Halafu akaenda kuniletea maji.

Nikayanywa. Ningefanyaje.

Nikarudi kwa Mratibu nikamwambia yeye pia, mbele ya Mdomo Saruji na mbele ya wote, kwa sauti ile ile ya kujisifu unayoijua, maana sina nyingine. Mdomo Saruji alivua kofia. Mratibu akasema Tofali arudi hata kesho, na kwamba wangetakiwa kutuuliza sisi tunafanyaje kazi kabla ya kumwekea mtu kiti. Mkalimani akasema yuko tayari kumfundisha lugha ya wenzake, na wale wanawake wanataka kujifunza naye. Lakini pa kuanzia hapana. Ili amweleze hili ni nini na kwa nini, anahitaji mtu wa kusimama katikati, anayeijua mikono yetu. Akaniuliza ni nani mwingine duniani.

Ni wewe. Wewe uliyelala naye kitanda kimoja alipokuwa anaota meno. Neno la mvua ni lako, la uchovu ni lako, la mama yake akikasirika ni lako. Mimi nilijitapa miaka yote kwamba lugha ile ni yangu, lakini nusu ya matofali ulibeba wewe. Kila siku vidole vyangu vinapoteza neno jingine. Leo asubuhi nilishindwa kumwambia kumekucha. Hivi karibuni nitakuwa nakaa naye mezani kama watu wawili wasiojuana waliokutana kwa daktari. Nami bado nitakuwa na mdomo wa kuwaongelesha majirani. Yeye hatakuwa na mtu.

Sikuombi uje kunihurumia, ukinihurumia nitakufukuza. Njoo umwambie kwamba hakukosea. Umwambie kwanza hilo, kabla hujavua viatu. Mengine mtapanga nyinyi.

Jana jioni nilijaribu kwa mkono wa kushoto. Nikavuta sikio langu, lile jina alilokupa kwa ajili ya masikio yako, kisha nikaonyesha mlango. Aliacha matofali. Akavuta sikio lake, akaniuliza kwa macho. Nikavuta tena. Amefagia chumba cha nyuma, ametoa godoro juani, na tangu alfajiri amekaa kizingitini anatazama njia. Sikukuuliza kwanza, najua. Lakini katika yote niliyomwambia tangu mkono uanze kulegea, hilo ndilo pekee alilolielewa.

Nisalimie shemeji, umwambie hasira zake za mimi kukuita bila kuuliza aziweke akiba, nitazipokea akija nazo. Wabusu watoto kila mmoja kwa zamu yake, wasigombane. Wote wanaouliza habari zangu waambie nipo.

Ni mimi kaka yako,
Fundi wa Ngome