Uso wa Mama Umenishinda

Ibra, Sharqiya
Oman
11 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Rayya,

Assalaam alaykum. Goti lako vipi? Bado wakwea ngazi kwa ukaidi? Na kifua cha shemeji Yaqoob? Mimi mwili upo, alhamdulillah. Macho ndiyo yananiaga. Anayeandika ni mjukuu wangu Lamees, maneno ni yangu. Kiswahili kikichechemea ni chake, ukali ni wangu.

Daktari wa Nizwa kasema hakuna dawa. Nuru iliyobaki ni kidogo, nayo itakwenda. Nikamwambia ahsante, nikatoka. Njia nzima mpaka Ibra nimehesabu mitende kama mtoto. Mimi, Rayya!

Sasa sikiliza. Mama hakupigwa picha hata moja, Baba hakutaka. Waliomwona kwa macho tumebaki mimi na wewe. Basi nikamtuma Lamees aninunulie rangi, nimchore kabla kiza hakijanifunga. Kaniletea guashi: rangi ya maji, lakini nzito, inafunika karatasi.

Nilivyoiona nzito nikasema, hii naijua, hii hina. Nikaipaka nene. Ilipokauka nikaichovyachovya kwa pamba yenye limau na sukari, kama alivyotufunza Mama ili hina ikoze. Lo! Rangi ya chini ikanyanyuka, ikavurugika na ya juu, Mama akawa tope. Asubuhi sisimizi wamemjaa usoni. Lamees akaniuliza, "Bibi, umempikia halua?" Nikamfukuza, kisha nikacheka peke yangu mpaka nikalia.

Siku hizi najua kidogo. Uikoroge iwe kama mtindi, upake, uiache, usiirudie na brashi yenye maji. Tena ikikauka hugeuka: ya mwanga huzidi kiza, ya kiza hupauka. Ngozi ya Mama nikiipata mbichi, ikikauka ni ya mwanamke mwengine simjui.

Nilipokupigia simu kukuuliza kidoti cha Mama kilikuwa shavu gani, ukasema la kulia. Mimi nasema la kushoto. Basi hata sisi wawili hatuna tena Mama mmoja.

Nakuletea karatasi iliyo afadhali, anakuja nayo jirani yetu Taimur. Kanga nyekundu ya Mama nimeiweza, na mikono yake yenye hina, ile ya sikukuu. Uso nimeuacha mtupu. Usinitafutie maneno ya kunipoza, sitaki. Sitaupata, na macho hayaningoji.

Nisalimie Yaqoob, asivute sigara nyuma ya banda akidhani hatumjui. Nisalimie mwanao Abeer, mwambie namwombea. Na wewe, kipande cha roho yangu, Mungu akuwekee macho yako mpaka siku yako ya mwisho.

Neno moja tu. Rangi hii hata ikikauka, tone la maji huiondoa. Ukitaka kulia, lia kwanza, ujifute vizuri, ndipo uifungue karatasi.

Wako nikupendaye kwa ukali,
dada yako,
Azza