Mwimbaji Hajulikani

Liège, 3 Machi 1996

Dada yangu Khadidja,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama na Shangazi Zubeda. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeanza kunikumbusha umri. Nashukuru Mungu kwamba mmetoka salama kwenye mapigano ya Mutakura na kurudi Buyenzi kwa Shangazi. Nyumba itajengwa tena, watu hawajengwi.

Anayekuletea kifurushi hiki ni Sylvère, yule wa ofisini Rohero, aliyekuja huku kwa mafunzo. Ndani kuna santuri. Ni albamu yangu, jina langu peke yake mbele, baada ya miaka kumi na tisa ya kuimba nyuma ya jina la bendi. Ni roki ile ile nzito iliyomfanya Baba, Mungu amrehemu, aulize ni nani huko Ulaya aliyenitia uchungu kiasi hicho.

Dunia imehamia kwenye sidii, lakini hii tumeichapa kwenye santuri kwa makusudi: mia tatu tu, rangi ya damu ya mzee, na kila moja nimeiandika namba kwa mkono. Wanaonunua ni wakusanyaji. Wengine hawaipigi kabisa, wanaiweka kabatini kama vyombo vya harusi. Hiyo yenu ni namba moja.

Ombi langu ni kwamba msiipige. Sindano huila. Na gramafoni ya Baba najua ilikufa zamani. Mama aione picha yangu kwenye jalada, kisha iwekwe sandukuni.

Mshikie Mama miguu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Shakuru


Buyenzi, 19 Mei 1996

Mdogo wangu Shakuru,

Waalaikum salaam. Sisi wazima wa mwili. Vipi goti lako? Jikande kwa maji ya moto na chumvi.

Ulisema isipigwe. Ungetuambia sababu ya kweli, isingepigwa.

Sylvère alipoleta kifurushi, Mohamadi fundi redio alikuwepo. Akasema, "Mutoto wa Buyenzi ametoa santuri, halafu tuitazame kama picha ya pasipoti? Apana." Akaichukua gramafoni ya Baba, akakaa nayo siku nne, akaifufua. Ijumaa baada ya sala ya alasiri akaiweka barazani kwetu. Wanaume walijaa, mpaka mzee Radjabu, ambaye hapendi ngoma. Upande wa kwanza walicheka sana. Mmoja akauliza, "Huyu Shakuru nani kamupiga?" Mwingine akamjibu, "Hajapigwa, ni mapenzi hayo." Mzee Radjabu mwenyewe alitabasamu.

Kisha Mohamadi akageuza upande wa pili.

Mama alikuwa ndani na mimi, anachambua maharagwe. Tukasikia sauti yake mwenyewe ikiimba barazani. Kasida yake ya maulidi, ile anayoianza peke yake kabla wanawake hawajamwitikia.

Unajua desturi ya mtaa huu. Siku ya maulidi ya wanawake, wanaume wa barabara yetu wanahama mabaraza yao mpaka tumalize, ili sauti zetu zibaki kwetu. Basi ndivyo walivyofanya. Mzee Radjabu alisimama, akachukua viatu vyake mkononi, akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, macho chini. Afadhali wangetutukana.

Mama alisema tu, "Zima." Kisha akaendelea na maharagwe.

Mwaka 1988, ulipokuja kututembelea, mimi ndiye niliyeweka kinasa sauti chako chini ya jamvi. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba utamsikiliza wewe peke yako, ugenini, ukimkumbuka. Sasa wanawake wanasema kwamba anayeimba nyumba ile anaimbia kabati za Wazungu. Mwezi uliopita, kwenye maulidi nyumbani kwa Bi Asiya, Mama hakuitwa. Aliyeanzisha ni Shangazi Zubeda, na alilia akiimba.

Sijui niandike nini zaidi.

Dada yako,
Khadidja


Liège, 14 Julai 1996

Dada Khadidja,

Assalaam alaikum. Sithubutu kuuliza hali ya Mama, lakini nauliza.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Nitakueleza ilivyokuwa, na usinipunguzie lawama.

Tulikuwa studio, tumebakiza wimbo mmoja, na mimi sina kitu. Kanda ya Mama nilikuwa nayo mfukoni kama siku zote. Wakati wa mapumziko niliisikiliza. Fundi mitambo akaniomba spika moja ya masikioni. Aliposikia akasema, "Hii ndiyo albamu yako." Hakunilazimisha. Nilijua sharti. Nikasema Bujumbura ni mbali, kuna vita, nani atasikia. Nikaweka sauti yake dakika moja na nusu, kisha gitaa langu likaingia juu yake kabla wanawake hawajaitikia.

Kuna jingine ambalo hujalisoma, au umelisoma ukaninyamazia. Nyuma ya jalada, kwa Kifaransa, wameandika majina ya wapigaji wote, hata aliyeleta kahawa. Mbele ya sauti ya Mama imeandikwa: "sauti ya kale, mwimbaji hajulikani". Niliyeandika ni mimi. Nilijiambia namstiri. Si kweli. Ningeandika jina lake, mtu angeniuliza kama ameridhia.

Nimeanza kuzitafuta santuri zote. Zilizokuwa bado dukani nimezichukua. Wakusanyaji nawaandikia mmoja mmoja. Ninazozipata nazivunja, jana nimevunja ishirini na saba uani, jirani akadhani ni vigae.

Msomee Mama barua hii yote. Namwomba radhi. Bila radhi yake sijui nitakufaje.

Mdogo wako,
Shakuru


Buyenzi, 26 Oktoba 1997

Mdogo wangu,

Waalaikum salaam. Barua yako imetembea miezi kumi na tano. Tangu ambargo, vile vikwazo vya nchi jirani, hakuna ndege wala posta ya kueleweka. Imefika Kigoma, ikavuka ziwa mfukoni mwa muuza sabuni, kwa njia ambayo hakutaka kunieleza. Usidhani tulikususa. Mama ni mzima, lakini macho yanafifia na miguu imevimba.

Nilimsomea yote. Kuhusu studio alisikiliza tu. Nilipofika kwenye jalada akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia: mwimbaji hajulikani.

"Hajulikani na nani?"

Akasema, "Mi nimemuzaa. Nimemufundisha alifu na be kwenye ubao, mkono wangu juu ya mkono wake. Wanaume kunisikia, hilo nitaulizwa mimi na Mungu wangu. Kuniandika sijulikani, hilo ataulizwa yeye."

Siku tatu hakulitaja tena. Siku ya nne aliniita nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, sikuongeza.

"Asivunje tena. Anazovunja ananizika bila jina. Kila moja atakayoipata aandike hapo, kwa mkono wake, kwa herufi nilizomufundisha: Mwanamwema binti Haitham. Namba moja haitumwi popote. Iko hapa. Ataiandika hapa, miguuni pangu, na radhi nitamupa hapo, mkono kwa mkono. Radhi haipandi posta."

Santuri ameizungushia kanga yake ya kijani, ameiweka chini ya mto. Juu yake ameweka kalamu.

Dada yako,
Khadidja


Liège, 8 Juni 1998

Dada Khadidja,

Assalaam alaikum. Namshukuru Mungu kwa uzima wa Mama. Mwambie anyanyue miguu juu ya mto anapolala.

Herufi za Kiarabu nilikuwa nimezisahau. Nimenunua daftari, nimejifunza upya nikiwa na miaka hamsini, na maandishi yangu bado ni ya mtoto wa chuo cha Kurani. Mpaka leo nimeandika jina lake mara mia moja na tisini na nne. Mzee mmoja wa Antwerp alikataa kunitumia yake, anaogopa nitaivunja kama zile nyingine. Nikapanda treni nikaenda kwake. Aliitoa kabatini na glovu mkononi. Nilipomaliza akaniuliza ni nani huyo. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema, "Na hukulijua jina lake?" Nikashuka ngazi.

Nikimaliza nitakuja.

Mdogo wako,
Shakuru


Buyenzi, 12 Machi 1999

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Ambargo imeondolewa, ndege zinatua tena. Sylvère amekwenda Ulaya na kurudi mara mbili. Mama anauliza kila akisikia mngurumo juu ya ziwa. Anasema zilizobaki kwa Wazungu zisubiri, njoo kwanza kwenye hii.

Haoni vizuri, lakini herufi anasema atazijua kwa kidole.

Dada yako,
Khadidja


Liège, 20 Julai 1999

Dada Khadidja,

Assalaam alaikum. Nawatakia afya. Nimesikia redioni kwamba milio ya risasi imerudi vilimani juu ya mji, na rafiki zangu huku wananishauri nisubiri. Pia zimebaki kumi na tatu ambazo sijazipata. Nikija nataka nije nimemaliza. Mwambie Mama mwakani, inshallah, kabla ya mvua.

Mdogo wako,
Shakuru


Buyenzi, 6 Februari 2000

Mdogo wangu Shakuru,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mama ametutoka Jumatano iliyopita, baada ya sala ya asubuhi. Sylvère alikupigia simu, hukupatikana, ndiyo maana unazisoma habari hizi hapa.

Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa na akili zake zote. Shangazi Zubeda alimwambia, "Wifi, msamehe mutoto, sema tu, Khadidja ataandika." Mama akasema, "Nimesema mkono kwa mkono. Anakuja."

Sitakuficha. Hakusema kwamba amekunyima radhi. Hakusema kwamba amekupa.

Wanaume wa barabara walimbeba. Mzee Radjabu, na magongo yake, alitembea mpaka makaburini.

Santuri ipo palepale. Kalamu nimeijaribu jana, bado inaandika.

Dada yako,
Khadidja


Buyenzi, 17 Juni 2000

Dada Khadidja,

Nimefika saa nne, hukuwepo. Shangazi amenipa ufunguo na kusema uko sokoni. Hakunikumbatia mara moja. Alinitazama miguu, kisha uso, kisha akanikaribisha chai.

Sikuchelewa kwa ajili ya milio. Milio ilikuwepo na Sylvère alipita. Wala si kwa ajili ya zile kumi na tatu. Niliogopa baraza. Niliogopa mzee Radjabu atachukua viatu vyake tena, nikiwa nimekaa hapo. Leo nimempita, akaitikia salamu, na hakuondoka. Ingekuwa rahisi kwangu kama angeondoka.

Nimekaa sakafuni kando ya kitanda chake, mahali ambapo miguu yake ingekuwa. Nimefungua kanga. Nimeandika jina, pole pole, herufi moja moja kama alivyonifundisha. Yale maneno ya kwanza, mwimbaji hajulikani, sikuyafuta. Yabaki yasomeke, na chini yake jina, na chini ya jina nimeongeza ambalo hakuliagiza: mama yangu.

Nakuomba jambo moja. Ukirudi, usiniambie kwamba lazima alinisamehe. Sema neno lolote jingine.

Nimekwenda kaburini. Mohamadi ananionyesha njia, maana silijui lilipo.

Mdogo wako,
Shakuru